Jeraha la moto na maelezo yasiyoingia akilini: niripoti kwa nani, niandike nini?

Safari hii nimekusanya maswali ya aina moja. Yametoka kwa wauguzi, daktari mmoja kijana, wahudumu wa wagonjwa na ndugu wa mgonjwa, wote wako Marekani, na karibu wote wanauliza kitu kile kile, kwamba mtu amekuja hospitali ameungua, anachosema na kinachoonekana mwilini havikutani, je nawaambia wachunguzi wa moto ama nafunika kombe? Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Shikamoo dada. Mimi ni nesi wa emajensi, nafanya zamu ya usiku Massachusetts. Kuna mtu alikuja saa kumi alfajiri, mikono yote miwili imeungua mpaka karibu na viwiko, ina malengelenge, uso umebabuka, nyusi hana. Anasema alikuwa anawasha jiko la kuchomea nyama jioni. Sasa jioni na saa kumi alfajiri wapi na wapi, alafu suruali yake ilikuwa inanuka petroli. Nikamwambia mwenzangu tutoe taarifa akanijibu sisi sio polisi, tutibu tu. Ni kweli haituhusu?

Marahaba mdogo wangu. Inawahusu, tena sana, na huyo mwenzako mwambie taratibu bila kugombana kwamba hapo mlipo hilo jambo halikuachwa kwa moyo wa mtu, ni sheria. Massachusetts sheria inasema jeraha la moto linalofika asilimia 5 ya mwili au zaidi liripotiwe papo hapo, kwa mkuu wa zimamoto wa jimbo na kwa polisi wa mji ule alikoungulia mtu, na liko kifungu kimoja na majeraha ya risasi na ya kisu. Angalia hapo, haijasema "ukiwa na mashaka". Imesema asilimia 5. Maana yake hata bibi aliyejimwagia chai ikafika kiwango hicho anaripotiwa, na mimi napenda iwe hivo, manake inakuondolea wewe nesi mzigo wa kukaa saa kumi alfajiri unaamua nani mwongo na nani mkweli. Unapima, unaripoti, basi.

Na kupima unajua lakini niseme kwa wasomaji wengine. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kwa mtu mzima mkono mzima toka bega ni 9, mguu mzima 18, kichwa na shingo 9, kifua na tumbo 18, mgongo mzima na makalio 18, sehemu za siri 1. Mtoto mchanga kichwa chake peke yake kinakaribia 18 ndo maana kwa watoto tunatumia chati yao. Wekundu mtupu bila malengelenge hatuuhesabu. Huyo wako, mikono miwili karibu na viwiko pamoja na uso, hata ungekuwa mbahili wa namba umeshapita 5 mbali.

Majimbo mengine yana vipimo vyao. New York na Minnesota wanaangalia majeraha ya daraja la pili na la tatu (yenye malengelenge au yaliyopenya ngozi yote) yanayofika asilimia 5, ama njia ya hewa iliyoungua au koo lililovimba kwa kuvuta hewa ya moto mkali, ama jeraha linaloweza kumuua mtu, na ripoti ya maandishi lazima ifike ndani ya saa 72. Ohio wao wanaangalia zaidi namna mtu alivoungua, yaani kama ni mlipuko au kifaa cha kuwashia moto, au kama kuna dalili kwamba alichomwa kwa ukatili, kwa nia mbaya au kihalifu, na nesi anatajwa kwa jina kabisa kwenye sheria yao. Kwa hiyo ukihama jimbo usibebe mazoea ya ulikotoka, uliza upya wiki ya kwanza tu ya kazi.

Kitu kimoja ukishike. Kwenu Massachusetts mgonjwa akiwa amelazwa au anatibiwa hospitali, jukumu la kupeleka ripoti liko kwa mkuu wa hospitali, na yeye hayupo hapo emajensi saa kumi, kwa hiyo lazima hospitali iwe na mtu aliyepangwa. Muulize inchaji wako leo hii, nani anapiga simu na nani anajaza fomu, na kwenye chati uandike saa uliyomwambia. Mimi nimeona ripoti ngapi zimepotea hapo katikati, nesi anadhani daktari kapiga, daktari anadhani nesi kapiga, mpaka mgonjwa anaruhusiwa anaenda zake.

Habari ya kazi. Mimi ni daktari, nipo mwaka wa pili wa mafunzo. Wenzangu wa muda mrefu wanamuangalia mgonjwa aliyeungua mara moja tu wanasema "huyu hadithi yake haikai". Wanaona nini ambacho mimi sikioni?

Swali zuri sana hili na jibu lake refu, uvumilie.

Wanaona mpangilio wa jeraha, yaani limekaa wapi na limekaaje. Moto una tabia zake na mwili unabaki na kumbukumbu ya jinsi ulivokutana nao. Chukua petroli. Watu wengi wanadhani petroli inayowaka ni ile ya maji maji, kumbe kinachoshika moto ni mvuke wake, na petroli inatoa mvuke unaoweza kushika hata kwenye baridi kali, nyuzi 40 chini ya sifuri. Huo mvuke ni mzito kuliko hewa mara 3 mpaka 4, kwa hiyo haupandi juu, unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, unaingia chini ya milango, unajaa chumba kuanzia chini. Sasa mtu akimwaga petroli ndani ya nyumba, akachukua muda kumwaga, anapokuja kuwasha kiberiti hawashi pale alipokusudia, anawasha chumba kizima na yeye mwenyewe yumo. Mlipuko wa sekunde moja. Unamkuta ameungua mbele: uso, viganja na migongo ya mikono, na miguu kuanzia vifundoni kwenda juu mpaka pindo la kaptula lilipokuwa, alafu pale nguo ilipofunika ngozi nzima kabisa, unaona mstari. Nywele za mbele zimebabuka ncha zimejikunja, nyusi na kope zimeisha. Na ukiangalia pembeni ya macho utakuta vijistari vyeupe vya ngozi isiyoungua, manake mtu akiona mwanga mkali anafumba macho kwa nguvu na ile mikunjo inajificha. Hivyo vistari vinakwambia kwamba alikuwa anauangalia moto wakati unawaka, uso wake ulikuwa umeuelekea.

Sasa hapo ndo naomba uwe makini kuliko kawaida. Mpangilio huo huo, vistari vyeupe na vyote, utaupata kwa mtu aliyefungua oveni ya gesi iliyovuja akawasha, kwa mtu aliyechoma takataka uani akaongezea petroli, kwa fundi aliyekuwa na kabureta mkononi. Jeraha halisemi "huyu kachoma nyumba". Linasema mvuke uliwaka mbele yake yeye akiwa karibu. Kinachofanya mtu ashtuke ni jeraha pamoja na mengine: amechelewa masaa mengi bila sababu, ameacha hospitali tatu njiani kaja ya nne iliyo mbali, hadithi inabadilika akiulizwa na nesi na akiulizwa na daktari, anasema alikuwa nje ila nywele zina masizi kama ya mtu aliyekuwa ndani ya nyumba inayoungua, anasema ni maji ya moto lakini nyusi zimebabuka na maji hayababui nywele. Wale wanaopika dawa za kulevya majumbani pia wanakuja na hadithi hizi hizi za jiko la nyama na gari, na wao mara nyingi wana kuungua kwa moto na kwa kemikali kwa pamoja, usoni, mikononi, mapajani. Kwa hao kabla ya yote muwavue muwaoshe kwa maji mengi, ninyi wenyewe mkiwa mmejikinga.

Kwa watoto mambo ni mengine. Mtoto akivuta kikombe au sufuria toka juu, maji yanaanzia usoni, shingoni, begani, kifuani alafu yanashuka yanapoa, kwa hiyo jeraha ni pana juu na linachongoka chini, na pembeni kuna matone matone yaliyoruka. Mtoto aliyetumbukizwa hana matone. Ana mstari uliokatwa sawa sawa kama soksi au glovu, miguu yote miwili inafanana, na kama alikalishwa kwenye beseni la kuogea makalio yanaweza kuwa na duara katikati ambalo halikuungua kwa sababu liligusa chini kwenye beseni ambako hakuna maji mengi ya moto, na mikunjo ya nyuma ya magoti na ya nyonga imebaki mizima manake alijikunja kwa maumivu. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima mpaka chini kabisa kwa kama sekunde 5, wakati ya nyuzi 49 yanahitaji dakika karibu 10, na mtoto ngozi yake laini zaidi anaungua haraka kuliko hapo. Ndo maana mchunguzi akienda kwenye ile nyumba kitu cha kwanza anapima maji ya bomba. Sigara nayo ikibonyezwa inaacha kiduara cha milimita 8 hadi 10 chenye kina kimoja, ila ile ya kupitiwa tu kwa bahati mbaya inakuwa ya juu juu na imevutika upande mmoja.

Na usisahau vinavyodanganya. Kuna maambukizi ya ngozi ya watoto yanaacha vidonda vya mviringo utaapa ni sigara. Kuna bakteria wanaofanya ngozi ya mtoto ibabuke kama amemwagiwa maji ya moto. Juisi ya ndimu ikiwa kwenye ngozi alafu jua likapiga inatoa malengelenge na michirizi. Vikombe vya kuumikia vinaacha alama za duara. Kwa hiyo kwa mtoto mdogo mwenye vidonda vidogo, muite na mtu wa ngozi. Lakini usimsubiri mpaka kesho kutwa, muite sasa hivi.

Dada, naogopa HIPAA, ile sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa. Tulifundishwa ukitoa siri ya mgonjwa unafukuzwa kazi na kushtakiwa. Mchunguzi wa moto akinipigia simu nimjibu?

Kanuni ya HIPAA yenyewe inaruhusu kutoa taarifa pale sheria nyingine inapolazimisha, na imetaja waziwazi sheria za kuripoti aina fulani za majeraha. Kwa hiyo ripoti ambayo jimbo linaidai haivunji siri. Mipaka yake ni kwamba unatoa kile sheria inachotaka, humwagi faili zima na historia yake ya ukimwi na ya akili. Minnesota na Ohio zimeweka kabisa kinga kwa anayeripoti kwa nia njema.

Simu ya kupigiwa ni kitu tofauti. Mtu akikupigia wodini akasema mimi ni mchunguzi, wewe hujui ni nani. Chukua jina, ofisi na namba, mwambie atapigiwa, kisha mpe inchaji au watu wa sheria wa hospitali waipigie ile ofisi kwa namba yake rasmi. Hapo hujamkatalia na hujamwaga siri kwa mtu usiyemjua.

Naomba ushauri kuhusu nguo. Juzi mgonjwa aliyeungua tulimkatia nguo kwa mkasi tukazitupa kwenye mfuko mweusi wa taka, kesho yake wachunguzi wakazitafuta wakakuta zimeshabebwa. Walikasirika. Tungefanyaje?

Kwanza pole na msijilaumu kwa kumvua, manake nguo inayofuka moto ama iliyolowa petroli inaendelea kumuunguza mtu, lazima itoke, tena haraka. Njia ya hewa, kupoza jeraha kwa maji, dawa ya maumivu, dripu, hivyo ndo vya kwanza na hakuna mchunguzi mwenye akili atakayekwambia usubiri. Ninachosema ni kwamba nguo zinatoka hata hivyo, sasa zikitoka ziende wapi.

Mkasi upite pembeni ya sehemu iliyoungua au iliyotoboka, usikate katikati yake. Msizikung'ute. Kila nguo peke yake, kiatu cha kushoto peke yake na cha kulia peke yake, manake suruali yenye petroli ikikaa na shati lisilo na petroli mfuko mmoja baada ya saa moja zote zina petroli na hakuna atakayeweza kusema ilikuwa wapi. Alafu chombo. Watu wengi tumefundishwa mfuko wa karatasi kwa ushahidi, na kwa nguo yenye damu ni sahihi kabisa, ila kwa mafuta karatasi haifai kwa sababu mvuke unatoka wote. Na mfuko wa plastiki wa kawaida nao unavuja, huoni tundu lakini mvuke unapita. Wachunguzi wanatumia makopo mapya ya bati yenye kifuniko cha kubana, kama yale ya rangi lakini hayajawahi kutiwa kitu, ama mifuko maalumu ya nailoni. Iombeni ofisi ya zimamoto iwaletee kabla hamjapata mgonjwa, hivi vitu huwa wanavyo. Jaza kopo kama nusu mpaka robo tatu, usishindilie, kwa sababu kule maabara wanavuta ile hewa iliyobaki juu ya nguo na kuipitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, hiyo ndo inatofautisha petroli na mafuta ya taa na spiriti.

Badilisha glovu kati ya nguo na nguo. Ile dawa ya mikono yenye spiriti iache ikauke kabisa kabla ya kugusa. Andika kwenye kopo nani kavua, saa ngapi, nani kapokea, na kila anayeshika anaandika jina lake. Kopo likikaa juu ya kaunta masaa mawili bila mtu, wakili ataliuliza hilo, na ataliuliza kwako wewe.

Na damu! Hili watu wengi linawapita. Mtu aliyekuwa ndani ya moshi ana kaboni monoksaidi kwenye damu, na ukimuwekea oksijeni ya asilimia 100 inapungua nusu kila baada ya kama saa moja hadi moja na nusu, wakati kwenye hewa ya kawaida ingechukua saa 4 mpaka 6. Oksijeni lazima apate, wala usifikirie kumnyima. Ila ile sampuli ya kwanza ya damu itolewe mapema na iandikwe saa iliyotolewa na saa oksijeni ilipoanza, tangu kwa watu wa ambulensi, kwa sababu ya matibabu kwanza, alafu hiyo hiyo inakuja kusema kama mtu alikuwa amenasa ndani ya moshi muda mrefu ama alikuwa pale kwa sekunde chache tu.

Mimi sio wa hospitali, mimi ni ndugu. Nyumba ya kaka yangu iliungua usiku, yeye akatoka ameungua mikono na uso akijaribu kurudi ndani. Kesho yake wachunguzi wa moto wakaja wodini kumhoji, kumbe manesi ndo waliowaita. Tumeumia sana. Mtu kapoteza kila kitu alafu anatendewa kama mhalifu. Hii ndo huruma mnayofundishwa?

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa kaka. Hasira yako naielewa na sitajaribu kukwambia usiwe nayo.

Ila naomba nikueleze kwa nini mimi bado nasimama na wale manesi. Kuripoti sio kuchongea. Pale mlipo, jeraha kubwa kiasi hicho linaripotiwa hata mgonjwa awe askofu, hawakumchagua kaka yako. Na wale waliokuja wanaitwa wachunguzi kwa sababu kazi yao ni kujua moto ulianzaje, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa hita, inaweza kuwa mtu mwingine kabisa ambaye alitaka kuwaua. Wasipomuuliza aliyekuwa ndani watamuuliza nani?

Ninachokiogopa mimi ni kile kinachotokea pale watu wanapotoa hukumu kabla ya kupima. Kuna kesi inajulikana dunia nzima, ya Cameron Todd Willingham, Corsicana, Texas. Nyumba yake iliungua Desemba 1991, watoto wake watatu wa kike wakafa ndani, yeye akatoka. Wachunguzi wa wakati ule waliziangalia alama za sakafuni wakasema kamwaga kimiminika cha kuwashia moto. Alihukumiwa 1992, akauawa kwa sindano ya sumu Februari 2004, na mpaka dakika ya mwisho alisema hakufanya. Wataalamu wa sayansi ya moto walioipitia kesi baadaye walisema zile alama hazikuthibitisha kabisa kwamba moto uliwashwa makusudi, manake chumba kizima kikishalipuka kwa joto sakafu inabaki na alama kama zile bila petroli yoyote. Mwongozo wa kisayansi wa kuchunguza moto, NFPA 921, ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka ule ule wa 1992 aliohukumiwa.

Nakuhadithia hii sio kukutisha. Nakwambia kwa sababu mtu kama kaka yako anachohitaji zaidi ni hospitali iliyoandika kila kitu vizuri. Kama viganja vimeungua kwa ndani kama mtu aliyeshika kitasa cha chuma, iandikwe. Kama mgongo na mabega yameungua kwa kitu kilichodondoka, iandikwe. Kama masizi yako puani na kooni na kaboni monoksaidi ilikuwa juu, hiyo inaonyesha mtu aliyekaa kwenye moshi, na mtu anayerudi ndani kutafuta watu ndo anakaa kwenye moshi. Kama alipofika maneno yake ya kwanza yalikuwa kuulizia wenzake, nesi ayaandike vile vile alivoyasema. Mahakama za Marekani zinayapa uzito maneno mgonjwa aliyomwambia daktari ili atibiwe. Waambie wodini mnataka nakala ya chati yake, ni haki yake. Na kaka ana haki ya kuwa na wakili kabla ya kuhojiwa, na akiwa kwenye dawa kali za maumivu ana haki ya kusema leo siwezi. Nesi mzuri ndo anatakiwa awe wa kwanza kuwaambia wachunguzi kwamba mgonjwa kapewa mofini sasa hivi, rudini kesho. Hapo ndo ningetaka kusikia walifanya nini, na kama hawakufanya, walalamikieni, mna haki.

Mimi ni mhudumu msaidizi hospitali moja, naongea Kiswahili. Niliitwa nimtafsirie mama aliyeungua kifuani na mapajani, mume wake amekaa kitandani hapo hapo anajibu yeye. Mama ananiangalia tu. Nilitafsiri alichosema mume, kwamba ni mafuta ya kupikia. Sina amani.

Mdogo wangu, ukisoma hapa nenda leo ukamwambie nesi wa zamu hiyo hiyo sentensi uliyoniandikia: "aliyejibu ni mume, mama hakusema kitu." Hujachelewa.

Wewe hukutakiwa kuwekwa pale. Kutafsiri kitabibu ni kazi ya mkalimani aliyefundishwa, na hospitali zina wakalimani wa Kiswahili kwa simu au kwa video. Yeye hajui familia, haishi jirani, hasali nao. Mama wa watu akiona unaongea lugha yake anaweza kufunguka ama anaweza kufunga mdomo kabisa kwa kuogopa habari zitafika kwa mashemeji kabla ya jioni.

Mume atolewe kwa sababu ya kawaida, tunampeleka mama kipimo, tunabadilisha bandeji na chumba hakiruhusu watu. Akiwa peke yake aulizwe moja kwa moja, kuna mtu alikufanyia hivi? Unaogopa kurudi nyumbani? Mafuta yaliyomwagika kwa bahati mbaya na mafuta yaliyomwagwa yanaacha alama tofauti, ila neno lake yeye lina uzito kuliko ubashiri wetu wote.

Kama jeraha limefika kiwango cha kuripotiwa, litaripotiwa hata akisema hataki, na hapa naomba sana, aambiwe kabla. Aambiwe nani anapigiwa, watakuja lini, na mume atajuaje. Mwanamke anayegundua kwa kuona wachunguzi mlangoni, mume akiwa amekaa pembeni, tumemuweka kwenye hatari sisi wenyewe. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwe kabla ya simu ya ripoti, ajue analala wapi akiruhusiwa, watoto wako wapi, pasipoti na karatasi zake ziko wapi. Kwa wengi wetu ugenini hizo karatasi ndo kamba anayoshikiliwa nayo.

Nafanya kwenye nyumba ya wazee. Mzee mmoja anatumia oksijeni, juzi tumemkuta ameungua puani na mdomoni, mpira wa oksijeni umeyeyukia usoni. Ni kadogo, haifiki asilimia 5. Anasema hajui. Turipoti au ni ya ndani kwa ndani?

Usiangalie ukubwa hapo. Hewa ya moto ikiingia kwenye koo, koo linavimba taratibu masaa yanapokwenda, mtu anayeongea vizuri mchana usiku anashindwa kupumua. Kama sauti imekwaruza au kuna masizi puani mpigieni ambulensi sasa, ripoti itafuata. Na nimesema huko juu, New York na Minnesota kuungua njia ya hewa peke yake kunatosha kuripotiwa, asilimia haijalishi.

Alafu jueni nini kilitokea. Mara nyingi ni sigara, mtu anavuta akiwa na mpira puani, na oksijeni ikiwa imelowana kwenye nguo na ndevu hata akizima mashine bado dakika kadhaa moto unashika kwa kasi. Wachunguzi wa moto wanataka kuijua hii hata kama hakuna mhalifu, kwa sababu godoro lile lile lingeshika, kungekuwa na vyumba ishirini vya watu wasioweza kutembea. Na kuna uwezekano wa pili ambao hakuna mtu kazini kwenu anataka kuutaja, kwamba mzee hakuiwasha yeye. Mzee ambaye hawezi kueleza alivoungua anaangukia pia sheria za kulinda wazee, ile ni simu ya pili, kwa ofisi nyingine, na kumpigia mkuu wa zimamoto hakujaifuta.

Msitupe ule mpira ulioyeyuka, wala mto, wala blanketi. Piga picha kitanda kabla hakijatandikwa, weka rula au sarafu pembeni ionekane ukubwa. Kwenye ripoti andika mlichokiona: mpira umeyeyuka upande wa kulia, ncha ya pua ina malengelenge, nywele za puani zimebabuka, kiberiti kiko au hakiko, saa ngapi mara ya mwisho mtu alimuona akiwa mzima na nani. Neno "amejichoma" msiliandike, na neno "amechomwa" msiliandike pia. Mchunguzi akipiga atauliza hayo hayo, na pia namba ya mashine ya oksijeni na kampuni iliyoileta, kwa hiyo uwe nayo karibu na simu.